Njia ya mkato ya mbegu Kiboko: Mahindi yanufaika, alizeti yasubiri

KIBOKO, kando ya barabara kuu ya Nairobi kwenda Mombasa katika Kaunti ya Makueni, ndiko mmea wa mahindi hupokonywa nusu ya urithi wake kisha ukarudishiwa. Septemba 2013, kituo cha kimataifa cha utafiti wa mahindi na ngano, CIMMYT, kikishirikiana na KARI (ambayo sasa ni sehemu ya KALRO), kilifungua hapo kituo cha kuzalisha mbegu kwa njia ya haploidi maradufu.

Seli ya mahindi ina kromosomu 20, yaani 10 kutoka kwa kila mzazi. Mmea wa haploidi una 10 tu, na aghalabu ni tasa. Kromosomu hizo zikizidishwa mara mbili, nakala zote mbili huwa sawasawa, na mtafiti hupata ukoo safi wa mbegu papo hapo. Kwa njia ya kale, mmea hulazimishwa kujichavusha misimu 6 hadi 8. Kwa njia hii, misimu 2 yatosha.

Kazi yenyewe yahitaji macho makali. Mahindi huchavushwa kwa chavua ya mmea maalumu unaochochea haploidi. Mimea hiyo, iliyozoeshwa hali ya tropiki na CIMMYT pamoja na Chuo Kikuu cha Hohenheim, Ujerumani, hutoa takriban haploidi 8 hadi 10 kwa kila mbegu 100. Punje ya kawaida huwa na rangi ya zambarau utosini na kwenye kiini. Ya haploidi ina zambarau utosini, lakini kiini chake ni cheupe. Punje zilizochaguliwa huoteshwa, na miche hutiwa kolchisini, dawa yenye sumu inayozidisha kromosomu. Mingi haifiki kuzaa.

Kasi hiyo ilihitajika. Ugonjwa hatari wa mahindi, MLN, ulikuwa umegunduliwa Bomet mwaka 2011, na watafiti walitumia haploidi maradufu kusaka aina zinazoustahimili.

Lakini mkulima wa Kitui anayepanda alizeti au simsim hajafikiwa, ingawa Kenya huagiza nje sehemu kubwa ya mafuta yake ya kupikia, hasa ya mawese. Si kwamba mimea ya mafuta haiwezekani. Kanola ilikubali tangu 1982, mtafiti Lichter wa Ujerumani alipootesha chembe changa za chavua yake maabarani. Hata hivyo, kanola hupenda baridi ya sehemu kama Timau, si joto la Ukambani.

Alizeti, yenye kromosomu 34, iliwashinda watafiti kwa miongo mingi. Chavua yake haikuotesheka kwa urahisi. Mwaka 2025 ndipo watafiti wa kampuni ya Syngenta na wenzao walipoeleza katika jarida la Nature kwamba ua la alizeti lililonyimwa chavua laweza kutoa mbegu za haploidi bila kurutubishwa, mwanga mkali ukisaidia. Mwanga Kitui haukosi, ila maabara ni jambo jingine.

Wala ukoo safi si mbegu ya kupanda shambani. Hupandishwa na mwingine kupata chotara, ambaye hupimwa katika majaribio ya kitaifa chini ya KEPHIS kabla ya kuuzwa. Na punje za chotara zikihifadhiwa na kupandwa tena, mavuno hupungua. Hivyo mkulima hurudi dukani kila msimu, hata ule uliotangulia uwe ulimwachia mabua matupu.