Kutoka Kiziba hadi Karagwe: Nani Huisoma Damu Yetu?

Mwaka 1897 watu wa Kiziba, kaskazini mwa Mkoa wa Kagera wa leo, walikuwa wakifa kwa maradhi ambayo wao wenyewe walikwisha kuyapa jina: rubunga. Serikali ya Kijerumani ilimtuma daktari wa jeshi, Zupitza, akachukue sampuli. Sampuli hizo zilimfikia Robert Koch aliyekuwa Dar es Salaam. Akazitazama kwa hadubini na kutangaza kwamba ni tauni. Vitabu vilimwandika Koch. Waliobeba mizigo, waliotafsiri maneno ya wagonjwa na waliozika maiti hawakuandikwa.

Naanza na kisa hicho kwa sababu utafiti wa maradhi katika nchi yetu ulijengwa juu ya mgawanyo huo wa kazi: damu inatoka huku, maarifa yanatangazwa kule. Hata usugu wa vimelea vya malaria dhidi ya klorokwini ulipobainika Afrika kwa mara ya kwanza, mwaka 1978, ulithibitishwa katika damu ya wasafiri kutoka Ulaya na Marekani waliokuwa wamezuru Kenya na Tanzania. Watoto wetu waliugua malaria hiyohiyo, lakini ushahidi ulisafiri kwa ndege ukiwa ndani ya miili ya watalii. Tanzania iliacha klorokwini kama dawa ya kwanza mwaka 2001, yaani miaka 23 baadaye. Mrithi wake, SP, hakudumu. Mwaka 2006 tukahamia kwenye dawa ya mseto, ALu, ambayo kila mzazi anaifahamu.

Sasa tuje Karagwe. Mwaka 2021 watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1979, walikusanya matone ya damu yaliyokaushwa kwenye karatasi kutoka mikoa 13. Walishirikiana na vyuo vikuu, vikiwamo Brown na North Carolina vya Marekani. Takriban asilimia 8 ya sampuli za Kagera zilikuwa na badiliko la kijenetiki liitwalo R561H, lilelile lililokwisha kuonekana Rwanda. Kwingineko nchini lilikuwa adimu mno. Kimelea hakiombi pasi ya kusafiria.

Badiliko katika jeni, hata hivyo, si ushahidi kwamba dawa inadhoofika mwilini mwa mgonjwa. Hilo lilihitaji kazi ya mikono, na ndipo ninapotaka msomaji atulie kidogo. Mwaka 2022, wilayani Karagwe, watoto 176 wenye malaria walipewa dawa ya mseto ya aina moja au nyingine, wakafuatiliwa kwa siku 28. Tafakari maana ya jambo hilo. Mtoto ambaye homa imeshuka siku ya pili, mama yake haoni sababu ya kumrudisha zahanati siku ya tatu ili achomwe tena kidole. Lazima awepo mtu wa kumweleza, kwa Kinyambo ikibidi. Na asipofika, mtu huyo amfuate kijijini katikati ya migomba. Kisha yupo mtaalamu wa maabara anayepaka damu kwenye kioo, kukitia rangi ya Giemsa na kuhesabu vimelea kimoja kimoja. Kioo hichohicho husomwa na mtu wa pili bila kuona hesabu ya mwenzake, na wakitofautiana sana huitwa wa tatu. Mtaalamu aliyechoka akiandika sifuri mahali pasipo na sifuri, mashine ya mamilioni kule Marekani haiwezi kumsahihisha.

Walichokiona ni kwamba siku ya tatu zaidi ya mtoto mmoja kati ya kumi bado alikuwa na vimelea, kiwango kinachovuka mpaka wa tahadhari wa asilimia 10 uliowekwa na Shirika la Afya Duniani. Matokeo yalichapishwa mwaka 2024, mwandishi wa kwanza akiwa Deus Ishengoma wa NIMR. Safari hii hatukuhitaji mtalii.

Isieleweke kwamba ALu imeshindwa: karibu watoto wote walipona. Artemisinini hupunguza vimelea upesi, na dawa mwenza humaliza waliobaki. Usugu huu wa sehemu humwachia mwenza huyo kazi kubwa zaidi, na akielemewa ndipo tiba itakaposhindwa. Ndiyo maana kazi iliyoendelezwa katika vijiji vya Kyerwa, ya kupima hata wasio na homa, ni ulinzi wa taifa kwa maana kamili ya neno.

Lakini ulinzi huu unaendeshwa kwa fedha za miradi, nyingi zikitoka ng'ambo. Mkataba wa mtaalamu wa hadubini hufa pamoja na mradi. Uzoefu wake huondoka naye. Mwanzoni mwa 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake, tulishuhudia jinsi huduma za afya zinavyoweza kutikiswa na saini moja iliyotiwa Washington. Wenzangu serikalini hupenda kusema kwamba bajeti haitoshi. Basi tuanze na jambo dogo: nafasi za ajira za kudumu kwa wasoma-vioo wachache katika wilaya hizi mbili, walipwe na hazina yetu, ili siku ya tatu ya kila mgonjwa anayefuatiliwa isomwe hata mwaka ambao hakuna mfadhili.