Matumbawe magumu katika tangi la nyumbani: joto, chumvi na gharama ya maji Turkana

Matumbawe ni wanyama. Jambo hili huwashangaza wengi, hasa wale walioyaona tu yakiwa mawe katika kuta za Lamu, magofu ya Gedi au ngome ya Fort Jesus mjini Mombasa. Jiwe lile ni mifupa. Aliyelijenga ni mnyama mdogo mlaini, mwenye mdomo mmoja uliozungukwa na minyiri kama ya pweza, ila midogo sana, ambaye huishi kwa maelfu pamoja na wenzake na kujijengea chini yake makao ya chokaa. Ndani ya nyama yake hukaa mwani usioonekana kwa macho. Mwani huo hutumia mwanga kutengeneza chakula na kumgawia mwenyeji wake sehemu kubwa. Anayefuga matumbawe, kwa hiyo, hutunza viumbe viwili kwa pamoja, na kimoja kikikosana na mwenzake, vyote hufa.

Ufugaji huu wawezekana hata mbali na pwani. Katika mji wa Arnhem nchini Uholanzi, bustani ya wanyama ya Burgers' Zoo ilifungua mwaka 2000 hodhi ya matumbawe hai yenye maji yapatayo lita 750,000, na duniani kote wapo maelfu ya watu wenye matangi madogo sebuleni mwao. Kutoka wadi ya Lopur, Turkana Magharibi, jirani na Kakuma, safari ya barabara hadi Mombasa hupita kilomita 1,000. Hata hivyo umbali huo si kikwazo kikubwa, kwa kuwa chumvi ya bahari huuzwa ikiwa unga katika mifuko na ndoo. Vikwazo ni joto na maji.

Wapo watakaouliza kwa nini maji ya Ziwa Turkana yasitumike, ilhali yana ladha ya chumvi na yako karibu na Lodwar. Maji hayo hayafai. Ziwa hilo halina mto unaotoka, hivyo madini yaletwayo na mto Omo na mito mingine hubaki na kujilimbikiza. Lakini chumvi yake ni takriban gramu 2.5 tu kwa lita, ilhali bahari ina gramu 35, na sehemu kubwa ya madini ya ziwa ni ya magadi, si ya chumvi ya kawaida. Kipimo cha pH cha ziwa hufikia 9.2, cha bahari ni 8.1 hivi. Sangara na ngege wameyazoea maji hayo, lakini tumbawe likitiwa humo halitamaliza siku.

Maji ya visima nayo yataka tahadhari. Mwezi Septemba 2013 ilitangazwa kwamba kumegunduliwa hifadhi kubwa ya maji chini ya ardhi katika uwanda wa Lotikipi, nao uchunguzi uliofuata ukaonyesha kwamba maji hayo yana chumvi nyingi mno kwa kunywewa. Chumvi ya namna hiyo haiwezi kuwa mwanzo wa maji ya bahari, kwa kuwa mfugaji hajui ni madini gani yaliyomo na kwa kiasi gani. Kanuni ni kuanza na maji yasiyo na kitu. Maji hupitishwa kwa shinikizo katika chujio la utando mwembamba sana linalozuia madini, kisha chumvi ya bahari hupimwa na kukorogwa humo kwa pampu usiku kucha. Uzito wa maji yaliyo tayari, yakilinganishwa na maji matupu, uwe 1.025 au 1.026. Kifaa cha kupimia kinachotumia mwanga, kiitwacho refraktomita, huaminika kuliko kile cha kuelea. Chumvi ya jikoni haitumiki kamwe, maana haina kalsiamu, magnesiamu wala madini mengine yanayolijenga tumbawe.

Tangi jipya lenye mawe na mchanga huachwa wiki nne hadi sita bila mnyama yeyote, hadi bakteria wanaogeuza amonia yenye sumu kuwa nitrati wawe wamezaana vya kutosha. Matumbawe magumu hungoja zaidi, miezi mitatu au minne. Pupa ndiyo huwapotezea wanaoanza fedha nyingi katika kazi hii, wala haina dawa.

Adui mkubwa kuliko yote ni joto. Matumbawe mengi hustawi kati ya nyuzijoto 24 na 26. Yanapokaa wiki kadhaa katika maji yaliyozidi kwa nyuzi moja tu kiwango cha juu yalichokizoea wakati wa kiangazi, huutoa ule mwani na kubaki meupe. Tumbawe lililopauka halijafa bado. Maji yakipoa mapema, mwani hurudi. Yasipopoa, mnyama hufa njaa. Haya si ya matangini pekee. Mwaka 1998 bahari ilipopata joto lisilo la kawaida, miamba mingi ya Kenya ilipoteza zaidi ya nusu ya matumbawe yake hai. Kupauka kulijirudia mwaka 2016, na tena mwaka 2024, ambapo mwezi Aprili wanasayansi walitangaza kwamba dunia ilikuwa katika kipindi chake cha nne cha kupauka kwa matumbawe kila pembe. Tangi la nyumbani ni bahari ndogo isiyo na kina cha kukimbilia, kwa hiyo kilichochukua wiki baharini humo huweza kutukia kwa alasiri moja.

Mchana Lodwar joto hukaribia au kupita nyuzi 35 karibu mwaka mzima, na chini ya paa la mabati lisilo na dari huzidi hapo. Hita, ambayo vitabu vya Ulaya huitaja mwanzo kabisa, hapa haina kazi. Ipo mashine ya kupoza maji, lakini ni ghali na hutumia umeme mwingi. Njia ya pili ni ile ile ya mtungi wa udongo: maji yakivukizwa huondoka na joto. Feni ndogo ikielekezwa juu ya uso wa maji huyapoza, na katika hewa kavu ya Turkana hufanya kazi vizuri kuliko Mombasa, ambako hewa tayari imejaa unyevu. Kwa jambo hili moja mkazi wa Lopur amemshinda mwenzake wa pwani.

Lakini ubaridi huo hununuliwa kwa maji. Tangi lenye uso wa mita moja kwa sentimita 45 likipungua kina cha milimita 10 kwa siku, hupoteza lita 4.5. Ikiwa chujio la nyumbani humwaga lita tatu kwa kila lita moja safi litoayo, kama ilivyo kwa mengi ya bei nafuu, maji yatakayohitajika ni lita 18 kila siku. Viwango vya Sphere vinavyofuatwa katika misaada ya dharura hutaja lita 15 kuwa kima cha chini cha mtu mmoja kwa siku. Kwa maneno mengine, tangi hilo hunywa kuliko mtu. Maji yanayotoka upande wa pili wa chujio yaweza kukusanywa kwa kufulia au kuosha vyombo, na hapo hasara ya kweli hurudi kuwa zile lita 4.5. Hata hivyo, mahali ambapo akina mama huchimba mchanga wa mto mkavu kutafuta maji, tangi la matumbawe sebuleni ni anasa isiyo rahisi kutetewa. Katika maabara ya shule yenye maji ya uhakika, ambako mamia ya wanafunzi wasiowahi kuiona bahari wataliona, hesabu ni nyingine. Wala kupunguza ukubwa wa tangi si suluhisho, kwa sababu maji yakiwa chini ya lita 100 hupata moto na kupoa upesi, na badiliko la ghafla huyadhuru matumbawe.

Uvukizi huleta pia kosa ambalo wanaoanza hulirudia mno. Maji yaendapo hewani, chumvi hubaki. Anayejaza pengo kwa maji ya chumvi huongeza chumvi juu ya chumvi, na katika hewa kavu kiasi hiki madhara huonekana ndani ya siku chache. Kinachojazwa ni maji matupu yaliyochujwa, kidogo kidogo, kila siku. Maji ya chumvi hutumika tu wakati wa kubadilisha sehemu ya maji ya tangi, yaani asilimia 10 hadi 15 kila wiki au kila baada ya wiki mbili.

Katika kuchagua, anayeanza na apendelee matumbawe yenye nyama nene. Euphyllia, yenye minyiri mirefu inayochezacheza, na Favites, yenye umbo la sega la nyuki, husamehe makosa madogo. Baada ya miezi kadhaa yaweza kufuata Montipora au Pocillopora, ambayo hutaka mwanga na mkondo wenye nguvu zaidi. Acropora yenye matawi kama pembe za paa, ambayo ni miongoni mwa yaliyokufa kwa wingi mwaka 1998, iachiwe wenye uzoefu. Galaxea ni nzuri kwa macho lakini ni jirani mbaya: usiku hurefusha minyiri yake na kuwachoma walio karibu. Nafasi ya sentimita 15 kati ya tumbawe na tumbawe ni ya lazima, na kwa Galaxea hata hiyo haitoshi.

Taa ziwake saa nane hadi kumi kwa siku, na tumbawe jipya lianzie chini, penye mwanga hafifu, kisha lipandishwe taratibu. Mkondo wa maji uyumbishe nyama bila kuilaza upande mmoja. Chakula ni kamba wadogo sana waliogandishwa, mara moja au mbili kwa wiki, jioni minyiri inapotoka. Kadiri mifupa inavyokua, kalsiamu na alkalini hupungua. Kalsiamu isishuke chini ya miligramu 400 kwa lita, nayo alkalini ibaki kati ya digrii 8 na 9. Namba iliyo pungufu kidogo lakini isiyoyumba ni afadhali kuliko iliyo kamili leo na kuruka kesho. Dawa za samaki zenye shaba zisiingie tangini kabisa, na pampu ndogo ya hewa ya betri iwekwe tayari kwa siku umeme utakapokatika, maana maji ya moto yaliyotuama huishiwa na oksijeni haraka.

Lipo suala la mahali yanakotoka. Matumbawe yote magumu yamo katika Orodha ya Pili ya mkataba wa CITES, na kuyavusha mipaka ya nchi kwahitaji kibali. Nchini Kenya mamlaka husika ni Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Kuyavunja katika hifadhi za bahari kama Watamu, Malindi au Kisite ni kosa la jinai. Mfugaji hununua vipande vilivyokuzwa tangini, vyenye hati, si vilivyong'olewa mwambani.

Vipande hukuzwa pia kwa kusudi la kuirudishia bahari. Katika kisiwa cha Wasini, pwani ya kusini, wenyeji kwa kushirikiana na watafiti hupanda matumbawe mahali palipoharibika, na upande wa Mkwiro shirika la REEFolution hutundika vipande kwenye fremu zinazofanana na miti chini ya maji hadi viwe vikubwa vya kuhamishwa. Mbinu ni ile ile ya tangini: tawi hukatwa, hushikizwa kwa gundi au kamba mahali pasipotikisika, na katika wiki chache nyama mpya huanza kutambaa juu ya kidonda.