Kistari na Alama ya Kutoa: Historia ya Nafasi ya 45

Katika sarufi ya Kiswahili, kistari kina kazi mahususi. Mzizi wa kitenzi huandikwa -pik-, na kivumishi huandikwa -zuri, ili msomaji atambue mahali panapohitaji viambishi. Katika hisabati, mstari unaofanana nacho hutangulia namba hasi. Wachapaji wa vitabu walizitofautisha alama hizo: kistari ni kifupi, ilhali alama ya kutoa ni ndefu na hulingana na ile ya kujumlisha.

Tofauti hiyo ilififia kwa ujio wa taipureta. Vitufe vilikuwa vichache, hivyo kimoja kikabeba kazi zote mbili. Mfumo wa msimbo wa ASCII, ulioidhinishwa Marekani mwaka 1963, ulirithi desturi hiyo. Ulikuwa na nafasi 128 tu, nayo nafasi ya 45 ikawa ya kistari na ya alama ya kutoa kwa pamoja. Msomaji aliongozwa na muktadha.

Kompyuta, hata hivyo, haina muktadha. PostScript, lugha ya kuelezea kurasa iliyotolewa na Adobe mwaka 1984, hutazama kwanza jedwali la usimbaji ili kujua kila msimbo unawakilisha umbo lipi. Jedwali lake la kawaida liliipa nafasi ya 45 umbo la kistari. Jedwali lake la Latin-1 liliipa nafasi hiyohiyo umbo la alama ya kutoa, na kistari kikawekwa nafasi ya 173. Katika fonti ya Helvetica, upana wa kistari ni sehemu 333 kati ya 1000 za ukubwa wa fonti. Wa alama ya kutoa ni 584. Kubadili jedwali, basi, ni kubadili kinachosomwa.

Programu ya takwimu ya R, iliyoasisiwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman katika Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, ilichagua upande mmoja. Inapotoa michoro ya PostScript kwa majedwali yake ya Latin, nafasi ya 45 huwa alama ya kutoa, kwani mihimili ya grafu aghalabu hubeba namba hasi. Uamuzi huo una mantiki yake. Lakini mwanaisimu aandikapo -pik- juu ya mchoro wake, mzizi hutokea umezungukwa na alama za hesabu. Atakaye kistari hana budi kuiomba nafasi ya 173.

Unicode, mwaka 1991, ilizitenganisha alama hizo: kistari kikapewa U+2010, na alama ya kutoa U+2212. Hata hivyo, ilihifadhi U+002D, yaani nafasi ya 45 ya zamani pamoja na utata wake, nayo ndiyo itolewayo na kitufe cha kawaida hadi leo. Kwa mtafiti wa Kiswahili jambo hili si dogo. Programu inayolinganisha misimbo pekee, ikitafuta -zuri yenye kistari, haitaiona ile iliyohifadhiwa kwa alama ya kutoa, japo jicho la msomaji haliwezi kuyakosa maneno hayo mawili. Neno lililoandikwa kwa usahihi laweza kupotea ndani ya hazina ya matini, na kosa lisiwe la sarufi wala la mwandishi, bali la jedwali.