Maxwell na Mikondo ya Kuzunguka

Mnamo mwaka 1845, huko Königsberg katika dola ya Prussia, mwanafunzi Gustav Kirchhoff, kijana wa takriban miaka 21, alidhihirisha kanuni mbili: ya kwamba mikondo ya umeme iingiayo katika kiungo cha nyaya ni sawa na ile itokayo, na ya kwamba mtu akilizunguka duara lolote la saketi hata akarejea alipoanzia, jumla ya volti zote ni sifuri.

Kanuni hizo ni sahihi, walakini hesabu yake ni nzito, maana kila tawi hudai mkondo wake usiojulikana. Kwa mfano, daraja la Wheatstone, saketi ya kupimia ukinzani, pamoja na betri na galvanomita yake, lina matawi sita. James Clerk Maxwell, aliyekuwa profesa Cambridge hata alipofariki mwaka 1879, ndiye aliyeona kwamba yafaa kuhesabu madirisha ya saketi, yaani nafasi zilizozingirwa na nyaya, kila dirisha likapewa mkondo mmoja wa kulizunguka. Na majhuli za daraja lile zikapungua hata zikawa tatu tu. Uzuri wake, kwa rai yangu, ni kuwa kanuni ya kwanza ya Kirchhoff hujitimiza yenyewe, kwani mkondo uzungukao huingia na kutoka katika kila kiungo kwa kiasi kile kile.

Kwa mfano wa njia hiyo, tuchukue betri ya volti 16 na ukinzani wa omu 2 katika dirisha la kwanza, omu 4 katika tawi la kati lishirikiwalo, na omu 4 katika dirisha la pili. Mkondo wa kwanza utakuwa ampea 4, wa pili ampea 2. Na kwa kuwa hukabiliana katikati, tawi lile hubeba ampea 2, nazo volti zake ni 8. Njia hii ya Maxwell, John Ambrose Fleming, aliyehudhuria madarasa yake ya mwisho, ndiye aliyewafikishia wahandisi.