Mchanga wa paka kutokana na magunzi na unga wa mbao: unavyotengenezwa na hatari za kuepukwa

Jioni inapoingia katikati ya jiji la Nairobi, na hali kadhalika katika vituo vya matatu vya Kangemi na Kawangware, wauzaji wa mahindi ya kuchoma huacha nyuma yao malundo ya magunzi. Si mbali na hapo, katika nyumba za ghorofa za Kileleshwa, Lavington na Westlands, wapo wakazi wanaonunua dukani mfuko wa udongo uliochimbwa ng'ambo na kusafirishwa kwa meli, ili paka wao apate mahali pa kujisaidia. Ni nadra mambo haya mawili kufikiriwa kwa pamoja. Hata hivyo, mabaki ya mazao yamekuwa yakigeuzwa kuwa mchanga wa paka katika nchi nyingine kwa miongo kadhaa, na hakuna sehemu ya kazi hiyo ambayo haiwezi kufanyika hapa Nairobi.

Kwa msomaji asiyefuga paka ndani ya nyumba, mchanga wa paka ni chengachenga zinazomwagwa katika beseni pana, kwa kina cha sentimita tano hadi saba hivi. Paka huchimba humo, akajisaidia na kufukia. Tabia hiyo ameirithi kutoka kwa paka-mwitu wa Afrika, ambaye angali anaishi nchini Kenya. Zamani jambo hili halikumsumbua mtu. Paka alifugwa kwa sababu ya panya, akalala jikoni au ghalani, na udongo mwekundu wa Kabete au Dagoretti ulimtosha. Lakini kadiri nyumba za ghorofa zinavyochukua nafasi ya nyumba zenye bustani katika viunga vya magharibi, ndivyo paka anayeishi orofa ya sita anavyokosa udongo wa kuchimba.

Biashara yenyewe ilianzia Marekani. Mwaka 1947, katika mji mdogo wa Cassopolis, jimbo la Michigan, mama mmoja aliyekuwa akimwekea paka wake majivu alimwomba jirani yake, Edward Lowe, mchanga kidogo. Lowe alimpa chengachenga za udongo mkavu ambao huuzwa kwa ajili ya kunyonya mafuta yaliyomwagika katika karakana. Udongo ule ulishinda majivu, na kabla ya miaka mingi kupita Lowe alikuwa tajiri. Katika miaka ya 1980 ikagunduliwa kwamba aina nyingine ya udongo, bentonaiti, hugandamana mara ulowapo, hivi kwamba mtu huweza kuchota bonge lililolowa na kuacha mchanga mwingine ukiwa mkavu.

Bentonaiti si jambo geni sana kwetu. Madini yanayoifanya ivimbe ni ya jamii moja na yale yaliyomo katika udongo mweusi wa mashariki na kusini mwa Nairobi, ule unaopasuka nyufa wakati wa kiangazi na kunasa magari wakati wa mvua. Kasoro ya udongo wa aina yoyote ni kwamba hauozi. Kila mfuko unaonunuliwa Westlands huishia katika jaa la Dandora, ambalo lilitangazwa kuwa limejaa mwaka 2001 na bado likaendelea kupokea taka, na hukaa huko milele.

Hiyo ndiyo sababu ya kutazama mazao. Marekani kuna mchanga wa mahindi na wa ngano, na Japani hutumia makapi ya soya yanayobaki baada ya kutengeneza tofu. Kwa maoni ya mwandishi huyu, hatuna haja ya kuiga jambo la kumwaga nafaka nzima katika choo cha paka, hasa katika nchi ambayo ukame hurudi kila baada ya miaka michache. Tulicho nacho ni mabaki.

Kwanza ni magunzi. Katika mwaka mwema Kenya huvuna takriban magunia milioni 40 ya mahindi, kila gunia likiwa na kilo 90. Kwa kila kilo 100 za punje hubaki karibu kilo 18 za magunzi, yaani zaidi ya tani 600,000 kwa mwaka. Gunzi lina sehemu tatu: pete ngumu kama mti, moyo laini ulio kama sifongo, na makapi mepesi ya nje. Moyo na makapi ndivyo vinavyokunywa maji kwa wingi. Pete huipa chengachenga nguvu isigeuke vumbi. Lakini gunzi linalofaa ni lile la mahindi yaliyokaukia shambani na kupukuchuliwa, kama yanayopatikana Kikuyu na Kabete baada ya mavuno. Gunzi la mahindi ya kuchoma ni bichi, lina chumvi, pilipili na ndimu, na huota kuvu kwa siku mbili tu. Lafaa, ila likusanywe siku iyo hiyo, lioshwe, lipasuliwe na kuanikwa mara moja.

Pili ni unga wa mbao. Mafundi wa samani walio kando ya barabara ya Ngong hurundika magunia yake kila siku. Hapa sharti mnunuzi awe na macho. Unga wa saipresi au msonobari uliokauka vyema wafaa, na huzuia harufu kuliko gunzi. Unga wa mbao za viwandani zilizogandishwa kwa gundi haufai, kwani gundi hiyo huwa na formaldehaidi. Mbao zilizotiwa dawa ya mchwa na zilizopakwa vanishi pia ziepukwe. Paka hulamba nyayo zake mara nyingi kwa siku, na chochote kilichomo katika beseni lake huingia tumboni mwake. Ni afadhali kununua unga katika kiwanda cha kupasua magogo, ambako mbao bado hazijaguswa na kitu.

Mabaki mengine yatajwe kwa ufupi. Maganda ya mpunga kutoka Mwea ni mengi, karibu kilo 20 kwa kila kilo 100 za mpunga, lakini yana silika nyingi na ngozi inayosukuma maji. Hayanywi kitu mpaka yasagwe, na yakisagwa vumbi lake huwasha koo. Makapi ya miwa wanayoyaacha wauza juisi mjini hunyonya sana, ila yana sukari na huleta siafu. Maganda ya kahawa yanahitaji hadhari kwa sababu kafeini ni sumu kwa paka.

Namna ya kutengeneza ni rahisi kueleza. Magunzi makavu hupondwa kwa mashine ile ile inayosaga chakula cha ng'ombe, kisha huchekechwa mara mbili: chekeche pana hubakisha vipande vilivyo vikubwa kuliko punje ya mchele, na chekeche jembamba huondoa vumbi. Vumbi lisitupwe, litatumika. Kwa kianzio, changanya sehemu nne za chengachenga na sehemu moja ya unga wa mbao. Pika uji mwepesi wa unga wa muhogo, utie vumbi ulilochekecha, kisha umimine katika mchanganyiko kidogo kidogo hadi ushikamane unapofumbatwa mkononi bila kudondosha maji. Sugua mchanganyiko huo juu ya wavu, au uupitishe katika mashine ya vidonge vya chakula cha kuku. Wanga wa muhogo hufanya kazi mbili: hushikanisha chembe zikiwa kavu, na zikilowa hunata kiasi cha kufanya bonge linaloweza kuchotwa. Halinati kama bentonaiti, na asidanganywe mtu kwamba litanata.

Kisha kuna kukausha, na hapa ndipo wengi watakaposhindwa. Meza za wavu zinazotumiwa kukaushia kahawa katika maeneo ya Kiambu zafaa sana, maana hewa hupita juu na chini. Mwezi wa Januari au Februari jua la siku tatu au nne hutosha. Julai na Agosti, wakati mawingu hayaondoki juu ya Kikuyu na Uthiru kwa wiki nzima, jua halitoshi kabisa, na anayetaka kuuza mwaka mzima hana budi kuwa na kikaushio cha moto. Kipimo ni kile wanachokijua wakulima wa mahindi: tia chengachenga kidogo na chumvi kavu katika chupa kavu, utikise, uache kwa dakika chache. Chumvi ikigandama kwenye kioo, mali bado ni mbichi.

Ubichi huo si suala la harufu pekee. Kuvu inayoota katika mahindi yasiyokauka ndiyo inayozaa aflatoksini, sumu ambayo mwaka 2004 iliwaugusha watu 317 na kuwaua 125, wengi wao katika wilaya za Makueni na Kitui. Gunzi hukaa pamoja na punje na hupata kuvu iyo hiyo. Joto la kukaushia huzuia kuvu kuendelea, ila haliondoi sumu iliyokwisha kuingia. Kwa hiyo magunzi yenye rangi ya kijani, ya manjano au nyeusi yatengwe kabla ya kusagwa, na anayesaga afunike pua na mdomo.

Kuhusu harufu, mkojo wenyewe unapotoka hauna ukali sana. Bakteria huivunja yurea iliyomo na kutoa amonia, na amonia ndiyo inayochoma macho. Mchanga mkavu huwacheleweshea bakteria kazi. Vumbi la makaa, ambalo wauzaji wa makaa wa Kangemi hulifagia chini ya magunia, hunasa harufu vizuri, japo nyayo nyeusi zitaonekana kwenye makochi. Wapo watakaoshawishika kutia magadi kwa sababu ni rahisi. Wasitie. Magadi huchoma nyayo za paka, na ukali wake huifanya amonia itoke kwa wingi zaidi badala ya kuizuia.

Paka naye ana hiari yake. Hupenda chembe ndogo, laini chini ya wayo, zisizo na manukato. Mchanga mpya uchanganywe na wa zamani, robo moja kwanza, na kuongezwa kwa wiki tatu au nne. Anayebadilisha kwa siku moja atakuta paka amechagua zulia.

Sasa tufike katika jambo ambalo mifuko yenye picha ya jani la kijani mara nyingi huliandika kwa herufi ndogo. Kuoza si sawa na kuwa salama. Kinyesi cha paka huweza kuwa na mayai ya kimelea kiitwacho Toxoplasma gondii. Paka aliyeambukizwa kwa mara ya kwanza huyatoa kwa wiki moja hadi tatu, na mayai hayo huhitaji siku moja hadi tano nje ya mwili ndipo yaweze kumwambukiza mtu. Watu wengi wenye afya hawahisi lolote. Lakini mwanamke mjamzito anayeambukizwa kwa mara ya kwanza aweza kupoteza mimba au kuzaa mtoto mwenye madhara ya macho au ubongo, na kwa mtu ambaye kinga yake imedhoofishwa na Ukimwi kimelea hiki hushambulia ubongo.

Katika nyumba nyingi za Lavington na Kileleshwa, anayesafisha beseni la paka si mwenye paka. Ni msichana wa kazi, mara nyingi aliye katika umri wa kuzaa, ambaye pengine hajaelezwa chochote. Aelezwe. Beseni lisafishwe kila siku, kabla mayai hayajakomaa. Glavu zivaliwe na mikono ioshwe kwa sabuni. Na akiwa mjamzito, kazi hiyo ifanywe na mtu mwingine.

Mchanga uliotumika usitiwe katika mboji ya sukuma wiki. Mayai ya kimelea huweza kudumu katika udongo wenye unyevu kwa zaidi ya mwaka mmoja, na rundo la mboji la nyumbani ni nadra kufikia joto la kuyaua kote. Mwenye bustani achimbe shimo mbali na mboga na kisima, chini ya miti au maua, na kulifukia. Usimwagwe chooni pia: magunzi huvimba na kuziba bomba, sembuse maji yenyewe yanayokuja kwa mgao. Aishiye ghorofani avifunge vilivyochotwa katika gazeti la jana, kazi ambayo magazeti yetu yaliifanya kwa heshima hata kabla mifuko ya plastiki ya kubebea haijapigwa marufuku Agosti 2017.

Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inamtaka kila mtu atenganishe taka zinazooza na zisizooza. Mchanga wa mimea unaoza, lakini mkusanyaji aambiwe ni wa paka, asije akaupeleka kwa mkulima wa mboga.

Anayewazia biashara ajue kwamba mabaki haya hayalali bure yakimsubiri. Magunzi ni kuni za mkulima, unga wa mbao hununuliwa na wafugaji wa kuku, na bei ya vyote hupanda mara mnunuzi mwingine anapotokea. Gharama kubwa itakuwa kukausha na usafiri, maana gunia la magunzi huchukua nafasi kubwa na uzito mdogo. Hivyo yafaa kusagia kule yanakopukuchuliwa na kuleta mjini chengachenga tupu. Duka kubwa litataka alama ya ubora ya KEBS. Mifuko ya karatasi inafaa ikiwa ina tabaka mbili na imehifadhiwa juu ya mbao, isiguse sakafu ya saruji, la sivyo unyevu ule uliohangaikiwa kuondolewa hurudi kabla mfuko haujafika dukani.