Sheria za Kazi na Waajiri wa Yanonge

Yanonge ni kituo cha biashara kilicho ukingoni mwa Mto Kongo, takriban kilomita 60 chini ya Kisangani, katika teritwari ya Isangi, ambako mpunga, samaki na mbao hupakiwa mitumbwini na katika mashua kubwa za mbao ziitwazo balenieri. Historia ya sheria za kazi mahali hapa haieleweki kwa kuzisoma sheria peke yake, kwa kuwa zilitungwa mbali, Brussels kwanza na Kinshasa baadaye, na mwajiri alihitaji mtu wa kumfikishia maandishi hayo na kumfafanulia kila yalipobadilika.

Katika enzi ya ukoloni mzigo huo ulikuwa mwepesi kwa makampuni makubwa tu. Mkataba wa mwaka 1911 kati ya Ubelgiji na kampuni ya William Lever, iliyopewa misitu ya michikichi ikiwemo ya Elisabetha (leo Lokutu, chini ya Isangi), uliagiza ujira usiopungua santimu 25 kwa siku, pamoja na tiba na shule, na kampuni ilikuwa na makarani wa kuyafuatilia masharti hayo. Amri ya Machi 16, 1922 ilipanua wajibu wa mwajiri katika posho, makazi na matibabu, lakini ilimtishia kifungo mfanyakazi aliyevunja mkataba, na hilo lilikuwa dhuluma isiyofutwa na wema wa vifungu vingine.

Baada ya uhuru mabadiliko yaliharakishwa: mwaka 1961 mifuko mitatu iliunganishwa kuwa INSS, taasisi ya hifadhi ya jamii ambayo leo ni CNSS, mwaka 1967 ikatoka Kanuni ya Kazi, nayo ikafuatwa na ile ya Oktoba 16, 2002, iliyorekebishwa mwaka 2016. Lililo na uzito zaidi kwa mwajiri mdogo ni Mkataba wa 81 wa Shirika la Kazi Duniani, ulioridhiwa na Kongo mwaka 1968, kwa sababu unamtaka mkaguzi wa kazi, yaani afisa anayesimamia utekelezaji wa sheria hizo, awape waajiri na wafanyakazi maelezo na ushauri wa kitaalamu, wala asiwe mtu wa kutoza faini tu.

Ushauri huo unahitajika hasa porini, ambapo msumeno wa injini unaweza kuruka nyuma ghafla unapogusa mti kwa ncha, na mpasuaji asiye na kofia ngumu, miwani wala buti akapoteza jicho au mguu. Kanuni ya 2002 haimwachi nje mwajiri mwenye vibarua watatu: naye hupaswa kuitangaza shughuli yake kwa mkaguzi, kuwasajili watu wake katika hifadhi ya jamii na kulinda usalama wao, sawa na kampuni ya Kisangani, ambayo ina mwanasheria na Shirikisho la Makampuni ya Kongo (FEC) karibu nayo, ilhali yeye hulazimika kupanda mto kwenda kuuliza.