Mbwa Mwitu Si Mbwa Koko: Wala Nyama Adimu Waliobaki Pwani, na Namna ya Kuishi Nao

Mwaka jana, siku chache kabla ya mvua za masika, shemeji yangu anayefuga mbuzi upande wa Chakama, njia ya kwenda lango la Sala, alinipigia simu alfajiri. Mbuzi wanne walikuwa wamekufa zizini na watano walikuwa na majeraha mabaya mapajani. "Shemeji, hawa ni mbwa mwitu," aliniambia. "Njoo na simu yako upige picha kabla watu hawajakanyaga kila mahali."

Nilifika saa nne. Kijana mmoja wa jirani alikuwa ameshanunua dawa ya wadudu ya kumwagia mizoga ili wauaji wakirudi usiku wasiamke tena. Aliyemzuia ni mzee mmoja ambaye ujanani alichunga ng'ombe katika ranchi ya Galana. Alizunguka zizi mara mbili bila kusema neno, akainama penye matope karibu na birika la maji, kisha akauliza swali moja tu: "Mbwa mwitu akiua, anakula. Hawa wamekula nini?"

Kweli, hawakuwa wamekula chochote cha maana. Mbuzi walikuwa wameumwa miguu ya nyuma, masikio na mkia, wakaachwa. Nyayo zilielekea kijijini, si porini.

Tangu siku ile nimekuwa nikiwauliza wafugaji, maafisa wa mifugo na askari wa wanyamapori kuhusu jambo hili. Nimeona niliandike hapa, kwa sababu wengi wetu tunaoishi kati ya Tsavo na bahari tunawaua wanyama tusiowajua kwa makosa ambayo pengine si yao.

Nianze na jina, maana hapo ndipo mkanganyiko huanzia. Katika vitabu vya hadithi tulivyosoma shuleni, mbwa mwitu ni yule mnyama wa Ulaya anayemvizia msichana msituni. Huyo si wetu. Vijijini nako, mbwa yeyote asiye na mwenyewe huitwa mbwa mwitu, na hata bweha hupewa jina hilo. Mbwa mwitu halisi wa Afrika ni mnyama mwingine kabisa. Ana masikio makubwa ya mviringo, miguu mirefu, na manyoya yenye mabaka meusi, ya rangi ya udongo na meupe. Hakuna wawili wenye mabaka yanayofanana, ndiyo maana watafiti huwatambua mmoja mmoja kwa picha. Mkia wake kwa kawaida una ncha nyeupe. Ana vidole vinne katika kila mguu, wakati mbwa wa nyumbani ana cha tano kidogo juu ya miguu ya mbele. Hawezi kuzaa na mbwa wa nyumbani, kwa hiyo anayekuambia mbwa wake ni "nusu mwitu" anajisifu tu.

Idadi yao inatisha. Shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, linawaweka katika kundi la walio hatarini kutoweka, na linakadiria kwamba Afrika nzima imebaki na takriban 6,600. Wanaozaa hawafiki 1,500. Hapa Kenya, sensa ya kitaifa ya wanyamapori ya 2021 ilihesabu mbwa mwitu 865. Sensa hiyo hiyo ilipata simba 2,589, duma 1,160 na fisi 5,189. Yaani kwa kila simba watatu ambao watalii hulipia pesa nyingi kuwaona, tuna mbwa mwitu mmoja tu, naye ukimtaja kijijini watu hushika rungu.

Kinachomfanya awe mgumu kuhifadhiwa ni maisha yake. Huishi kwa kundi, na kwa kawaida ni jozi moja tu inayozaa, dume kiongozi na jike kiongozi. Wengine wote ni kama shangazi na wajomba wa nyumba moja. Wakitoka kuwinda, hurudi pangoni na kutapika nyama kwa ajili ya watoto, mama yao, na hata mwenzao aliyevunjika mguu. Jike huweza kuzaa watoto kumi au zaidi kwa mara moja, na wakati watoto wakiwa pangoni kundi zima hutulia karibu kwa muda wa miezi mitatu hivi. Wakishaweza kukimbia, kundi huanza tena kuzunguka eneo la mamia ya kilomita za mraba. Tsavo Mashariki na Magharibi zikiunganishwa ni zaidi ya kilomita za mraba 20,000, lakini mbwa mwitu haoni mpaka wa mbuga. Leo yuko ndani, kesho yuko kwenye ranchi za Taita, keshokutwa yuko Galana akikaribia mbuzi wa shemeji yangu.

Kwa hiyo vifo vingi hutokea pembezoni mwa mbuga. Wengine hugongwa barabarani, maana hupenda kukimbia na hata kulala juu ya barabara, na barabara ya Mombasa kwenda Nairobi inaipasua Tsavo katikati. Wengine hunaswa na mitego ya waya iliyotegwa kwa ajili ya digidigi. Mtegaji hana haja na mbwa mwitu hata kidogo, lakini waya hauchagui.

Lakini adui mkubwa zaidi, kwa maoni yangu, tunamfuga sisi wenyewe. Kichaa cha mbwa na distempa hutoka kwa mbwa wetu. Kwa kuwa mbwa mwitu hulambana, hulala wamebanana na kulishana kwa kutapika, ugonjwa ukiingia kwa mmoja umeingia kwa wote. Huko Serengeti makundi yaliyokuwa yakifuatiliwa na watafiti yalitoweka kufikia 1991, na kichaa cha mbwa kilithibitishwa miongoni mwao katika miaka hiyo. Laikipia walikuwa wametoweka, wakarudi wenyewe karibu mwaka 2000 na kuongezeka vizuri katikati ya mifugo, halafu mwaka 2017 distempa ikawafyeka karibu wote ndani ya muda mfupi. Hakuna aliyewapiga risasi.

Hapa ndipo maslahi ya mfugaji na ya mnyama yanapokutana, na nashangaa halisemwi zaidi katika mabaraza ya machifu. Karibu kila mtu anayekufa kwa kichaa cha mbwa ameumwa na mbwa wa nyumbani. Wataalamu wanasema ukichanja asilimia 70 ya mbwa wa eneo, mnyororo wa ugonjwa hukatika. Kenya ilizindua mpango mwaka 2014 wa kukimaliza kichaa cha mbwa kinachoua watu ifikapo 2030. Kila mbwa anayechanjwa Baolala au Bamba ni mtoto wa shule aliyekingwa, na pia ni kundi la mbwa mwitu lililokingwa bila hata kuguswa.

Sasa turudi zizini. Kujua nani ameua ni jambo la pesa, si udadisi tu. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013 inaruhusu fidia kwa mifugo iliyouawa, kwa bei ya soko, ikiwa muuaji ni mnyama aliyetajwa katika orodha yake. Simba, chui, fisi, duma na mbwa mwitu wamo. Mbwa koko hayumo. Kwa binadamu aliyeuawa na mnyama wa orodha hiyo, sheria inataja shilingi milioni 5. Madai hupitia kamati ya kaunti, na kamati inaweza kuyakataa ikionekana mwenye mifugo hakuchukua hatua yoyote ya maana kuilinda. Unaona basi kwa nini shemeji yangu alitaka sana wawe mbwa mwitu. Simlaumu. Mbuzi wanne ni karo ya muhula.

Dalili ambazo wazee na maafisa walinieleza ni hizi, ingawa hakuna kanuni isiyovunjika. Chui hukaba koo na kuacha matundu ya meno, na mara nyingi hubeba mzoga kwenda kichakani au juu ya mti. Fisi huvunja mifupa na kula karibu kila kitu. Duma huua mchana, malishoni, kwa kukaba koo, hula minofu haraka na kuacha ngozi na mifupa mikubwa. Mbwa mwitu hurarua tumbo na mapaja na hula upesi sana, mbuzi mmoja humalizwa ndani ya dakika chache. Mbwa wa nyumbani huuma wengi, hula kidogo, na huacha majeruhi. Kwenye nyayo, paka wote hufinya kucha wanapotembea ila duma, na mbwa wote huonyesha kucha. Nyayo za mbwa mwitu na za mbwa mkubwa wa nyumbani ni vigumu kuzitofautisha, kwa hiyo usitegemee nyayo peke yake. Funika nyayo moja kwa sufuria, piga picha ya majeraha, usihamishe mzoga, na utoe taarifa kwa KWS siku hiyo hiyo.

Na kinga? Fisi na chui huja usiku, hivyo zizi ndilo ngao. Miiba ya mgunga iliyorundikwa juu na nene, au seng'enge pale penye uwezo, na mlango usio mwepesi. Pengo la mlango ndilo huingiza wengi. Taa zinazowaka na kuzima husaidia pia. Kijana Richard Turere wa Kitengela alibuni taa kama hizo kufukuza simba akiwa na umri wa miaka 11, kwa betri na vifaa vya kuokoteza. Lakini kwa duma na mbwa mwitu, ambao huwinda zaidi mchana, asubuhi na jioni, zizi la chuma halitakusaidia. Kinachosaidia ni mchungaji mzima anayekaa na mbuzi. Tukimtuma mtoto wa miaka minane na mbuzi thelathini, halafu akalala chini ya mti, duma tutamlaumu kwa lipi?

Kuhusu sumu nitasema kwa ufupi. Haichagui. Wanaokula mzoga ni tumbusi, bweha, na mbwa wa jirani yako, na yule chui aliyeua huenda asirudi kabisa. Ni kosa kisheria pia.

Wapo wengine adimu ambao hawali mbuzi wa mtu. Ndani ya Arabuko-Sokoke, msitu wa kilomita za mraba 420 hivi kati ya Kilifi na Malindi, kuna nguchiro wa Sokoke, mwenye mkia mweusi wa manyoya mengi, anayetembea usiku akitafuta wadudu. Anapatikana pia kaskazini mashariki mwa Tanzania. Nimeishi karibu na msitu ule utotoni na sikuwahi kumwona. Kila gogo linalotolewa mle kwa siri ni sehemu ya nyumba yake. Huko Lamu, misitu ya Boni na Dodori ina mbwa mwitu wake, na usalama mdogo wa miaka iliyopita umefanya watafiti wawe wachache kuwafuatilia.

Na kuna fisi, ambaye sisi Wamijikenda tuna deni naye la kihistoria. Kiapo cha fisi kilikuwa miongoni mwa viapo vizito kabisa vya kaya. Mwaka 1913, Mekatilili wa Menza alipowakusanya Wagiriama huko Kaya Fungo kuwapinga Waingereza, wanaume waliapa kwa kiapo hicho. Leo mjukuu wa walioapa humgonga fisi kwa pikipiki akacheka.

Anayedhani mla nyama hawezi kuisha karibu na watu avuke bahari hadi Unguja. Kisiwa kile kilikuwa na chui wake, mdogo kuliko wa bara na mwenye madoa madogo zaidi. Watu waliamini kwamba wachawi huwafuga chui na kuwatuma kudhuru, na baada ya mapinduzi ya 1964 kulikuwa na kampeni ya kuwasaka wachawi na chui wao kwa pamoja. Kufikia miaka ya 1990 watafiti waliona hakuna tumaini kubwa kwamba wamebaki. Picha ya kamera iliyotangazwa mwaka 2018 ilizua gumzo, na gumzo limebaki gumzo. Aliyekaushwa yuko jumba la makumbusho.

Shemeji yangu alijaza fomu hata hivyo. Afisa wa wanyamapori aliyekuja alitazama picha zangu, akamweleza kwa upole kwamba hao walikuwa mbwa wa kijijini. Shemeji hakunisemesha kwa wiki mbili, kwani picha zilikuwa zangu. Mwezi uliofuata afisa wa mifugo alileta chanjo, na mbwa kumi na mmoja wa kijiji walishikwa kwa kelele nyingi, wawili wao wakiwa wa shemeji. Mmoja, yule mwekundu, alikuwa na kovu jipya puani, la pembe au la mwiba. Mzee wa Galana alilitazama, akanitazama mimi, hakusema kitu. Siku hizi mbwa yule hufungwa jua likizama.

Wiki iliyopita shemeji alinitumia video fupi, iliyopigwa kwa mbali karibu na lambo. Mbwa saba wenye mabaka, masikio kama vifuniko vya sufuria, wakinywa maji. Chini yake ameandika: "Hawa ndio wenyewe?"

Nikamjibu ndio.